Walifunga uwanja wa gofu wakaugeuza bustani ya wananchi, halafu ikaja Olimpiki: kisa cha Victoria Park, Brisbane

bongo_kusini (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi humu kulikuwa na mjadala wa viwanja vya michezo vilivyokufa mijini na kila anayechangia anasema dawa ni kushirikisha wananchi, wananchi washirikishwe, basi. Mimi niko Brisbane, Australia, na huku kuna kisa ambacho nikisikia hayo maneno lazima nikikumbuke, kwa hiyo nakileta, ni kirefu kidogo wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Kuna eneo linaitwa Victoria Park, kama kilomita mbili tu kutoka katikati ya jiji, limepakana na hospitali kubwa ya Royal Brisbane. Serikali ililitenga liwe la mapumziko ya watu tangu 1875 na kipindi hicho lilikuwa kubwa kuliko leo, maana kila kizazi kimemega cha kwake, reli imepita, hospitali imechukua, shule zimechukua, barabara kuu ya kukwepa mjini nayo imepita humohumo. Na kabla ya hayo yote wenyeji wa asili, Waturrbal na Wayuggera, walikuwa na kambi yao pale, wenyewe wanapaita Barrambin, palikuwa na mabwawa ya maji na watu wa makabila tofauti walikuwa wanakutania hapo, mpaka katikati ya karne ya 19 walipofurushwa kwa bunduki. Hili lishikeni, mbele litarudi.

1931 halmashauri ya jiji ikafungua gofu pale. Na muelewe siyo klabu ya mabwenyenye ya kuomba uanachama, ni gofu ya umma, unalipia mzunguko wako unaingia unacheza. Ikadumu miaka 90 hivi. Ila mwisho mwisho wachezaji walikuwa wanapungua, eneo zuri vile katikati ya jiji linatumiwa na watu wachache wenye fimbo na vitoroli, wengine wote ukikatiza unaangalia usije ukapigwa na kimpira cha kichwa.

2019 meya Adrian Schrinner akatangaza kwamba gofu inafungwa, hekta 64 zote zinakuwa bustani ya wananchi. Kwa wasioelewa hekta, kiwanja cha mpira cha saizi ya kimataifa ni kama robo tatu ya hekta, kwa hiyo piga hesabu ya viwanja karibu 90 vimekaa pamoja. Na hapo ndipo kushirikisha wananchi kulipoanza na kusema ule ukweli walishirikisha kwelikweli, siyo ile ya kuita mkutano saa nne asubuhi Jumatano watu wako kazini. Walitoa fomu mtandaoni, waliweka mahema na ramani kubwa mezani unapewa vibandiko vya rangi unabandika unapotaka kivuli, unapotaka maji, unapotaka watoto wacheze. Watu wakasema turudishieni mabwawa ya zamani, tupandieni miti mikubwa, tuwekeeni njia za baiskeli, mahali pa kupanda mboga, mahali pa juu pa kuangalia mji. Wenyeji wa asili nao wakasema historia ya Barrambin iwekwe wazi isifichwe. Mwaka 2020 ikatoka dira ya bustani, baadaye rasimu ya mpango mzima nayo ikarudishwa kwa watu waitie maoni, mpango kamili ukapitishwa 2023. Ukiusoma unaona kabisa mawazo ya watu yamo.

Gofu ikafungwa katikati ya 2021, ikabaki sehemu ya kupigia mipira ya mazoezi na mgahawa. Na tarehe 21 Julai mwaka huohuo kamati ya Olimpiki, wako Tokyo, ikaipa Brisbane michezo ya 2032. Yaani bustani na Olimpiki zimezaliwa karibu wakati mmoja.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Victoria Park ilipangiwa vitu vya muda tu, baiskeli za BMX na farasi wa kukimbia porini, michezo ikiisha vinang'olewa. Machi 2024 kamati iliyoongozwa na meya wa zamani Graham Quirk ikaja na ripoti kwamba uwanja mkuu mpya ujengwe pale pale bustanini, gharama dola za kwao bilioni 3.4. Waziri mkuu wa jimbo wakati huo, Steven Miles, akaikataa siku hiyohiyo. Ukaja uchaguzi wa Oktoba 2024, mpinzani wake David Crisafulli anazunguka anawaambia watu hakuna uwanja mpya utakaojengwa. Akashinda. Tarehe 25 Machi 2025 akasimama akatangaza uwanja mpya wa watu 63,000, wapi? Victoria Park. Pamoja na kituo cha kuogelea cha kitaifa hapohapo. Juni mwaka huo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kwamba miradi ya Olimpiki haitafungwa na sheria za mipango miji, mazingira wala urithi. Na hapa mkumbuke hilo eneo liko kwenye daftari la urithi la jimbo tangu 2007!

Sasa hoja yangu ni hii. Wale wananchi waliulizwa kila kitu. Waliulizwa benchi ziwe wapi, mbwa wafunguliwe wapi, miti gani. Swali moja tu ndo hawakuulizwa na wao wenyewe hawakulidai: nani ana mamlaka ya kubadilisha matumizi ya hii ardhi kesho kutwa, na tutamfunga vipi mikono? Mipango yote ile na vibandiko vyote vile vilikuwa vinakaa juu ya karatasi ya halmashauri, na serikali ya jimbo iko juu ya halmashauri. Ushirikishwaji uliishia kwenye mchoro haukufika kwenye sheria.

Karibuni.

kipanya_mjini

Kwa hiyo kwa kifupi walipigwa na kitu kizito 😂 nilikuwa nadhani haya mambo ni ya kwetu tu

mtaa_wa_pili

Mkuu mimi nitakuwa tofauti. Watu 63,000 uwanja, ajira, barabara, hoteli, wageni dunia nzima wanakuja, halafu mtu analilia miti? Hiyo miti si inapandwa kwingine. Wazungu wana shida za kifahari sana, sisi tunatafuta uwanja wenye nyasi tu hatupati

bongo_kusini

@mtaa_wa_pili kuna watu wengi huku wanafikiri kama wewe na siyo wajinga. Hoja yao kubwa ni kwamba uwanja wa kriketi na mpira wa Kiaustralia uliopo, Gabba, umechakaa na Olimpiki haiwezi kukosa uwanja mkuu. Sawa. Lakini angalia wanachosema upande wa pili: ile ardhi ni vilima tupu, mteremko mkali, kusawazisha tu ni hela, halafu kuna hospitali kubwa mlangoni, siku ya mechi ambulensi ipite wapi. Na mti wa kivuli ukiupanda leo mjukuu wako ndo anaukalia. Mimi sipingi uwanja kama uwanja, napinga kuwauliza watu miaka minne mfululizo wanataka bustani ya namna gani halafu unawajengea zege.

mwana_goma

Bandugu mimi niko hapa Brisbane pia, upande wa Logan, ile ni mji ingine na halmashauri ingine kwa hiyo mambo ya maoni hatukuyajua kabisa. Lakini baada ya gofu kufunga tulikuwa tunaenda pale na familia, mnaweka mkeka kwenye ile majani, watoto wanateremka kilima kwa kubingirika, hakuna mtu anakuuliza kitu. Zile shimo za mchanga za gofu watoto walizifanya zao. Pale ndo nilielewa kama bustani haihitaji vitu vingi, ukifungua tu geti watu wanakuja. Wale waliokuwa wanangoja mpango umalizike walikuwa wanangoja nini?

bongo_kusini

@mwana_goma hapo umegusa kitu nilikisahau kwenye bandiko. Kati ya 2021 na 2025 kilichofanyika chini kilikuwa kidogo sana kulinganisha na kilichoandikwa kwenye karatasi. Nyasi, njia chache, sehemu ya mbwa. Kwa mtu wa mbali anayetafuta kiwanja cha kujenga, ukiangalia kutoka juu unaona gofu lililokufa tu, "eneo tupu". Ingekuwa wamechimba mabwawa na kupanda miti yote mwaka wa kwanza, kisiasa ingekuwa ngumu zaidi kupeleka buldoza.

nyasi_za_london

Wadau hapa niongezee, maana huku tuna mfano ulioenda mpaka mwisho. Beckenham Place Park, kusini mashariki mwa London, halmashauri ya Lewisham. Nayo ilikuwa gofu, ilianza 1907, na nayo ilikuwa ya umma. Ikafungwa mwishoni mwa 2016. Tena kulikuwa na vita kubwa, wacheza gofu waliandika malalamiko, walikusanya saini, walikuwa na hoja ya kweli kwamba hii ni sehemu pekee mtu wa kipato cha chini anaweza kucheza gofu bila uanachama wa klabu ya gharama. Hilo watu wanalisahau, wacheza gofu nao ni wananchi!

Ila tofauti na Brisbane ni kwamba hela ilikuwa tayari. Mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa ulitoa kama pauni milioni 4.9, na ukipewa hela ya ule mfuko unasaini masharti, huwezi kuamka kesho ukaweka maghorofa. Wakachimbua upya ziwa la zamani la enzi za majumba ya mabwana ambalo lilikuwa limefukiwa, leo watu wanaogelea humo mpaka msimu wa baridi (vichaa hao, mimi siingii). Watu wa mtaani walishika majembe wakapanda miti wenyewe. Lilifunguliwa rasmi kiangazi cha 2019. Nendeni Jumapili ya jua muone, huwezi kupata pa kukaa.

Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba gofu likiachwa tu nyasi zinajirudia zenyewe. Zile sehemu zilizokuwa zinakatwa kila siku ziwe kama zulia, ukipunguza kukata mwaka mmoja wa pili unaona maua ya porini na vipepeo, maana ardhi yenyewe haijachimbwa wala kuwekwa zege. Ndo maana gofu ni rahisi kuligeuza kuliko uwanja wa jukwaa za saruji.

kipanya_mjini

Wanaogelea kwenye ziwa la kuchimba halafu bure?

nyasi_za_london

Kuogelea unalipia mkuu, kutembea na kukaa bure. Na hapo ndo penye siri, ile hela ya kuogelea na mgahawa inasaidia kutunza. Bustani bila chanzo cha hela ya kukata nyasi na kuzoa taka baada ya miaka mitatu inakuwa kichaka na maficho ya wahuni, halafu diwani anasema "si mnaona, eneo limetelekezwa, bora tumpe mwekezaji".

msee_wa_karura

Wueh, hii uzi ni tamu. Wacha niseme kitu kuhusu Nairobi juu watu husema msitu wa Karura uliokolewa na Wangari Maathai wakasahau sehemu ya pili ya story. 1999 mama alipigwa pale na magoons akipanda miti, ardhi ilikuwa imegawiwa watu wa nyumba za kifahari, na kabla ya hapo 1989 alisimamisha jengo la ghorofa 60 Uhuru Park. Hiyo ni kupigana, sawa. Lakini Karura ilianza kujaa familia baadaye, na kilichosaidia ni sheria ya misitu ya 2005 ambayo iliruhusu wakazi kuunda chama cha jamii na kusaini makubaliano ya usimamizi na Kenya Forest Service. Hao ndo waliweka uzio, wakafungua njia, wakaajiri vijana wa mitaa ya jirani kama Huruma walinde msitu.

So nakubaliana na mleta uzi kabisa. Kutoa maoni ni kitu moja, kuwa na karatasi yenye sahihi yako na ya serikali ni kitu ingine. Ukiwa na hiyo karatasi mtu akitaka kukuondoa lazima akupeleke korti ama wewe umpeleke.

mtaa_wa_pili

@msee_wa_karura lakini Karura si msitu? Huo siyo uwanja wa michezo

msee_wa_karura

Ni msitu ndio bana, lakini swali ni lile lile, ardhi ya umma iko katikati ya mji kila mtu anaimezea mate. Ama wewe unadhani mnyakuzi akifika huuliza kama hapa palikuwa na goli ama na mti?

babu_riadha

Vijana mmetaja Brisbane mkanikumbusha mbali. Michezo ya Jumuiya ya Madola 1982 ilikuwa Brisbane hiyohiyo. Gidamis Shahanga alichukua dhahabu ya mita 10,000 na Juma Ikangaa alikuwa wa pili marathoni nyuma ya Muaustralia Rob de Castella, ule mbio Ikangaa aliongoza sehemu kubwa de Castella akaja kumfikia mwishoni, wamepishana sekunde chache mno, wote wako saa mbili na dakika tisa. Tulikuwa tumebanana kwenye redio.

Sasa ule uwanja wa riadha wa 1982 upo bado? Si wangeutumia huo?

bongo_kusini

Shikamoo mzee wangu. Upo, unaitwa QSAC siku hizi, uko kusini ya mji mbali kidogo na treni. Na umeuliza swali lenyewe! Yule Miles alivyoikataa ripoti ya Quirk alisema Olimpiki itumie huohuo wa 1982, waukarabati. Watu wakamcheka, magazeti yakasema ni aibu mji wa Olimpiki kutumia uwanja wa zamani. Ndo ikabaki Victoria Park.

babu_riadha

Marahaba. Basi hao waliocheka ndio walioua bustani.

dada_ramani

Jamani mimi ni mtu wa mipango miji (siyo huko, hapa hapa Bongo) nimeusoma uzi wote naona mnazunguka penyewe, ngoja niingie.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna mchoro wa usanifu, ule mzuri wa rangi wenye miti na watoto wanakimbia, na kuna matumizi ya ardhi yaliyosajiliwa. Wananchi wanaitwa kwenye ule wa kwanza kwa sababu unapendeza na hauumizi mtu. Wa pili unachosha, ni namba na mistari, unapitishwa ofisini na kila mtu anasinzia. Kisa cha mleta uzi kinaonyesha wazi, mchoro wa rangi ulikuwa wa watu na kalamu ya matumizi ilikuwa kwa mtu mwingine.

Kwetu hapa kila eneo lililopimwa lina mchoro wa mipango miji, wenyewe tunaita TP. Ukienda halmashauri ukauliza TP ya eneo lenu utaona kama pale pameandikwa eneo la wazi, uwanja wa michezo, au makazi na biashara. Wengi wanapigania kiwanja miaka na miaka hawajawahi kuuona huo mchoro hata siku moja! Na mtu akitaka kubadili matumizi huwa lazima litoke tangazo watu waweke pingamizi, sasa tangazo linabandikwa pahala hakuna anayesoma, muda unapita, mchezo umeisha. Mnakuja kustuka mabati yameshazungushwa.

kipanya_mjini

@dada_ramani hapa umenigusa dada. Mtaani kwetu kuna kiwanja tulichezea mpira utotoni, timu ya mtaa ilikufa, magoli yakang'olewa yakauzwa skrepa, sasa hivi nusu ni gereji bubu nusu ni jalala, mvua ikinyesha ni bwawa la mbu. Kuna vijana tunataka tufanye pawe pa kupumzikia, miti, benchi, na kasehemu ka watoto. Tulimfuata kiongozi mmoja akasema leteni andiko, tukapeleka andiko, akasema andiko zuri, ikaishia hapo. Tuanzie wapi?

dada_ramani

Andiko liache kwanza. Anza na TP. Kama imeandikwa eneo la wazi au uwanja wa michezo mko pazuri, mnachofanya ni kuomba mkabidhiwe kulitunza kwa maandishi. Kama imeandikwa makazi au imeshagawiwa viwanja ndugu yangu mtapanda miti halafu mwenye hati anakuja kuvuna kivuli chenu.

La pili, hao wa gereji. Msianze kwa kuwafukuza. Hao wako pale kila siku kuanzia asubuhi mpaka usiku, wanajua nani anamwaga taka na saa ngapi. Mkiwaweka nje watakuwa wa kwanza kumwambia diwani hao vijana ni matapeli. Nimeshuhudia mradi mahali fulani, sipataji, waliwatoa mafundi na mama ntilie wakaweka maua na uzio, baada ya muda hakuna anayekaa mle, maua yameliwa na mbuzi. Wapeni mafundi kona moja iwe rasmi, wao ndo walinzi wenu.

nyasi_za_london

Nakazia la dada. Lile kosa la kuwachukulia waliopo kama takataka lilifanyika kwetu pia dhidi ya wacheza gofu, mpaka leo kuna wazee hawakanyagi Beckenham kwa hasira. Ingewezekana wakaachiwa hata mashimo machache ya kujifunzia.

bongo_kusini

Na mimi niongeze mfano mmoja wa huku huku Australia ili mtaa_wa_pili asiseme tunalia tu. Melbourne, eneo la Elsternwick, kulikuwa na gofu ndogo ya umma ikafungwa 2018. Pale wakazi walibishana sana, wengine wanataka viwanja vya michezo wengine wanataka pawe pori la asili na mabwawa, halmashauri ya Bayside ikaamua hifadhi ya asili. Kilichofanya isonge ni kwamba waliunda kamati ya wakazi yenye kazi endelevu, siyo kamati ya kutoa maoni ikavunjwa, inakaa kwenye meza moja na watu wa halmashauri wakati wa kuchimba na kupanda. Leo inaitwa Yalukit Willam, jina la wenyeji wa pale. Ndogo, haifiki hata robo ya Victoria Park, lakini imechimbwa, imepandwa, ndege wamerudi.

Udogo wake nao ulisaidia, hakuna mtu atakayeweka uwanja wa Olimpiki pale 😂

mwana_goma

Na bale benye inchi, benyeji ba Barrambin, banasema nini leo? Ulisema hiyo itarudi

bongo_kusini

Kweli bro. Kwanza hawana kauli moja, tusiwafanye mtu mmoja. Ila 2025 kuna shirika la wenyeji wa asili limepeleka maombi kwa serikali kuu ya Australia, siyo ya jimbo, kuomba eneo lilindwe moja kwa moja chini ya sheria ya kulinda urithi wa wenyeji. Kundi la wakazi la Save Victoria Park nalo linaunga mkono hilo. Na hapa ndo naona kitu: vibandiko vyote vya rangi vya 2019 havina nguvu mbele ya ile sheria ya jimbo ya Juni 2025, lakini sheria ya serikali kuu inaweza kuwa na nguvu. Watu waliofukuzwa pale karne ya 19 ndo huenda wakawa na karatasi nzito kuliko mwananchi aliyeshiriki kila mkutano. Mimi nasema huenda tu, vita bado.

mtaa_wa_pili

Hapo sawa nimekuelewa, mimi bado nataka uwanja ila wangesema mapema tu. Ungewaambia watu 2019 kwamba hii inaweza kuwa uwanja wa Olimpiki wangekupa maoni tofauti

bongo_kusini

Hapo sasa tunaongea lugha moja. Wangeweza hata kusema sawa jengeni lakini mtupe hekta kadhaa kwingine zenye hati ya bustani. Ila mtu hawezi kudai fidia ya kitu ambacho hajaambiwa kinaweza kuchukuliwa.

msee_wa_karura

@kipanya_mjini usisahau kitu moja, andikisheni kikundi kabla ya kwenda kwa ofisi. Kikundi bila usajili hakiwezi kusaini kitu. Na muwe na akina mama ndani, si vijana wa mpira pekee, juu akina mama ndo hujua maji huingilia wapi na watoto huumia wapi.

kipanya_mjini

Poa wakuu nimeelewa. Jumatatu naenda ofisi ya mtaa kuomba namba ya TP, halafu halmashauri. @dada_ramani nikifika nasema nataka nini hasa maana hawa watu ukijikanyaga wanakuzungusha

dada_ramani

Sema "naomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hili na matumizi yaliyopangwa", basi, usianze kueleza habari za miti wala vijana. Nenda na jina la mtaa na kama kuna kiwanja cha jirani chenye namba beba hiyo namba, wanatafuta kwa urahisi. Nakala unalipia, dai risiti ya serikali. Ukikuta pameandikwa uwanja wa michezo nitag hapa nikuandikie barua ya maombi ya kutunza, ukikuta pameandikwa kitu kingine nitag pia, ila hiyo barua itakuwa ndefu zaidi.

kipanya_mjini

Nitarudi na majibu, mods msifunge uzi